Kura ya Unyanyembe: Uhakiki wa Masimulizi ya Ugomvi wa Mnywa Sele na Mkasiwa

Mwana-Chama akitajiwa Tabora, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye mwezi wa Januari 1958, wakati mkutano wa TANU ulipokaa pale na kukata shauri la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Masharti ya uchaguzi ule yanajulikana. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichokubaliwa na serikali; na kila mmoja alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Habari za Uamuzi wa Busara zimefundishwa kwa miaka mingi katika madarasa ya siasa, nasi hatuna nia ya kuzirudia. Tunataka kumrudisha msomaji nyuma ya hapo kwa karne moja kamili, mahali pale pale, kwenye shauri jingine la nani achague na nani atawale. Shauri hilo lilimalizwa kwa bunduki, na vitabu vyetu hulipita kwa aya moja au mbili.

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alifariki karibu na mwaka 1858. Baada yake wazee wa utemi walimweka Mnywa Sele. Muda si mrefu baadaye, Mnywa Sele aliwataka wafanyabiashara wa pwani waliokaa Kaze na Kwihara walipe kodi ya bidhaa zao. Walikataa, wakamuunga mkono mtu mwingine wa ukoo wa kitemi, Mkasiwa, na kabla ya mwezi wa Januari 1861 Mnywa Sele alikuwa amekwisha kufukuzwa katika ikulu yake. Alipigana porini na katika nchi za jirani mpaka mwaka 1865, alipouawa. Mkasiwa alitawala hadi kifo chake mwaka 1876.

Hayo ndiyo mambo yenyewe kwa ufupi. Makala hii inauliza jinsi yalivyosimuliwa. Masimulizi tuliyonayo juu ya ugomvi huu ni machache, karibu yote yametoka kwa watu waliokuwa na haja zao njiani, na wengi wetu tumeyapokea bila ya kuyapepeta.

Tuanze na neno. Katika vitabu vya Wazungu wa karne ya 19, na katika vingi vilivyofuata, ugomvi wa Unyanyembe huitwa vita vya kurithi, au fitina ya machifu. Neno uchaguzi halimo. Msomaji anaachiwa picha ya ndugu wawili wanaonyang'anyana kigoda cha marehemu, na wageni wastaarabu wanaoingia kati kwa masikitiko ili biashara isiharibike. Hebu tuweke kando ya picha hiyo jambo lililotokea miaka hiyo hiyo katika nchi nyingine ya mpakani, yaani jimbo la Wisconsin, Marekani, lililokuwa limeingizwa katika muungano wa nchi ile mwaka 1848 tu. Mwezi wa Novemba 1855 wananchi wa Wisconsin walipiga kura kumchagua gavana. William Barstow, aliyekuwa akitawala, alitangazwa mshindi kwa kura 36,355 dhidi ya 36,198 za Coles Bashford: tofauti ya kura 157. Baadaye ikagundulika kwamba baadhi ya kura za Barstow zilitoka katika vituo vya misitu ya kaskazini ambako karibu hapakuwa na watu wa kuzipiga. Mwezi wa Januari 1856 wote wawili wakala kiapo cha ugavana, mmoja hadharani akisindikizwa na askari wa mgambo, mwingine katika chumba cha mahakama. Kesi ikaenda Mahakama Kuu ya jimbo. Mwezi wa Machi Barstow akajiuzulu, na mahakama ikaamua kwamba Bashford ndiye aliyeshinda.

Historia ya Marekani hulisimulia jambo hili kama ushindi wa sheria. Lakini msomaji asikomee hapo. Mwaka huo huo wa 1856 bunge la Wisconsin lilikuwa na ardhi kubwa ya kuigawia kampuni ya reli, na uchunguzi wa mwaka 1858 ulionyesha kwamba kampuni iliyoipata iliwahonga wabunge wengi, na kwamba Gavana Bashford, yule yule aliyeingia kwa mlango wa haki, alipokea hati za dhamana za dola 50,000. Mwafrika wa Wisconsin hakuruhusiwa kupiga kura mpaka mahakama ilipotamka mwaka 1866 kuwa ana haki hiyo, na Wahindi Wekundu waliokuwa wenye ardhi ile ya reli hawakuulizwa. Pamoja na yote hayo, kitabu kinauita ugomvi ule uchaguzi. Wa Unyanyembe hauitwi hivyo.

Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Unyanyembe hapakuwa na sanduku la kura wala orodha ya wapiga kura. Hata hivyo mtemi wa Kinyamwezi hakuwa akijitawaza tu kwa kuwa ni mtoto wa fulani. Wazee wakubwa wa ikulu, wanyampala, walikaa wakamchagua mtu miongoni mwa wale wenye haki ya nasaba, na wagombea kwa kawaida walikuwa zaidi ya mmoja. Huo ni uchaguzi wa wachache, ndani ya ukoo mmoja, bila ya mkulima wa kawaida wala mtwana kuulizwa. Tuukosoe kwa hilo. Lakini kwanza tuutambue kuwa ulikuwa uchaguzi, na kwamba ulivunjwa na watu wasiokuwa na haki ya kukaa katika baraza lile. (Maneno yenyewe ya utawala ule tunayatumia kila siku bila ya kukumbuka yalikotoka. Ikulu tumeipeleka Dar es Salaam na Dodoma. Mnyampala amekuwa mnyapara, msimamizi wa vibarua.)

Shahidi wa kwanza ni Burton, aliyefika Kaze pamoja na Speke mwezi wa Novemba 1857 na kukaribishwa na Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Omani. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1860 kina dharau tele juu ya Mwafrika, kiasi kwamba kijana anayekisoma leo hutamani kukitupa. Asikitupe. Ndani yake mna mambo mawili yenye thamani kubwa kwa suala letu, ingawa mwandishi mwenyewe hakuona uzito wake.

La kwanza ni habari ya Fundikira mwenyewe. Burton anaeleza kwamba Fundikira alikuwa njiani kuelekea pwani kama mpagazi katika msafara wakati alipopata habari ya kifo cha baba yake, akautua mzigo wake akarudi nyumbani kutawala. Habari hii isisomwe kama kichekesho, maana inaonyesha kwamba hata kijana wa ukoo wa kitemi alikuwa amekwisha kuingia katika kazi ya msafara, na kwamba tabaka tawala la Unyanyembe la miaka ile lilijua bei ya pembe, urefu wa doti ya nguo, na faida inayobaki Bagamoyo. Alipokuja Mnywa Sele na kudai kodi, hakuwa mshamba aliyezindukana. Alikuwa mtoto wa nyumba iliyoijua biashara ile kutoka upande wa mzigo.

La pili ni juu ya urithi. Kwa desturi ya zamani katika temi nyingi za Unyamwezi utemi ulikwenda kwa mtoto wa dada. Katika karne ya 19 Unyanyembe, na baadhi ya temi nyingine, zilihama kuelekea kwa mtoto wa mtemi mwenyewe. Burton aliona kwamba matajiri walipendelea kuwarithisha mali watoto waliozaa na vijakazi kuliko watoto wa ndoa, kwa sababu watoto wa ndoa wana wajomba na jamaa wa kuwategemea, na hawa wengine hawana mtu ila baba. Speke naye anatuambia kwamba Mnywa Sele alikuwa mtoto wa mwanamke mtumwa. Ukiyaweka pamoja mambo haya unaona jinsi mabadiliko ya uchumi yanavyoingia mpaka ndani ya ukoo. Pembe za ndovu zilipomwezesha mtemi kununua watumwa na bunduki, alianza kuwa na nyumba isiyodaiwa na upande wa kike, na mali isiyopita kwa mjomba. Sheria ya zamani ya kurithi ilikuwa imetikisika kabla ya Fundikira kufa. Kwa hiyo kila mgombea alikuwa na hoja ya kushika: mmoja alishika desturi mpya, mwingine aliweza kuamsha malalamiko ya desturi ya zamani. Mwanya ule haukutengenezwa na wafanyabiashara wa pwani, waliukuta, wakapita.

Sasa tuje kwa Speke, ambaye ndiye shahidi mkubwa. Alirudi mwaka 1861 pamoja na Grant, na kitabu chake kikatoka mwaka 1863. Yafaa tumpe haki yake: ndiye aliyekutana na Mnywa Sele uso kwa uso, akayaandika maelezo yake. Kwa mujibu wa maelezo hayo, Mnywa Sele alisema aliwekwa kwa kutaka kwa watu wote, akatoza bidhaa zote zinazoingia nchini, na Waarabu, ambao kabla ya hapo hawakuwa wakilipa, wakamtishia kwamba wakitaka watamweka Mkasiwa. Bila ya kurasa hizo tungebaki na upande mmoja tu. Speke pia aliombwa na wafanyabiashara awasaidie kwa bunduki zake, akakataa. Akajaribu kupatanisha, akashindwa, kwa sababu Mnywa Sele alitaka nchi yake na wenzake hawakukubali kumwondoa waliyemweka.

Lakini angalia anavyomchora. Anamsifu kuwa kijana mzuri wa umbo, kisha papo hapo anamfananisha na mkuu wa majambazi wa hadithi za kwao. Jina lake analitafsiria wasomaji wa London kuwa mlevi. Kwa viharusi viwili vya kalamu, mtu aliyechaguliwa na wazee wa nchi yake amekuwa mlevi na jambazi, na aliyewekwa kwa bunduki amekuwa serikali. Speke hakufanya hivi kwa chuki. Alimpenda kijana yule. Alifanya hivyo kwa sababu alimtazama kutoka upande wa barabara. Vita vilimkimbizia wapagazi na kumpandishia bei ya chakula, na mtu anayesafiri huhesabu serikali kuwa ni yule anayeiacha njia wazi. Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuwa macho kuliko mahali pengine, kwani kasumba ya namna hii haimo katika matusi, ambayo kila mtu anayaona, bali katika mahali msimuliaji alipoketi.

Speke huyo huyo anatoa ushahidi mwingine ambao hautumiwi vya kutosha. Katika safari ya kwanza alipita Rubuga akaiona ni nchi yenye neema, na mzee Maula, mkuu wa pale, alimfanyia ukarimu. Mwaka 1861 aliikuta magofu. Maula alikuwa amempa Mnywa Sele hifadhi, akauawa kwa hila na wale aliodhani anafanya nao amani. Gharama ya kubatilisha uchaguzi ule ililipwa na vijiji vya njiani, na wafanyabiashara nao walilipa sehemu yao: Snay bin Amir, yule mwenyeji mkarimu wa mwaka 1857, aliuawa katika vita hivyo.

Jambo jingine la Speke linatusaidia kuvunja kosa linaloenea sana hata miongoni mwa watu wanaojiita wanamapinduzi, yaani kuusoma ugomvi huu kama vita vya Waarabu na Waafrika. Musa Mzuri, mfanyabiashara mkubwa na wa zamani kuliko wengi pale Kaze, aliyekuwa Mhindi kutoka Surat, alimtetea Mnywa Sele mbele ya Speke. Waarabu wenyewe hawakuwa kitu kimoja, na biashara iliposimama wapo waliotaka amani. Upande wa pili, Mkasiwa alikuwa Mnyamwezi wa ukoo wa kitemi na wafuasi wake walikuwa Wanyamwezi. Wengi wa waliobeba bunduki kwa ajili ya wafanyabiashara walikuwa watumwa wao na watu wa kukodiwa. Rangi haielezi mgawanyiko huu. Unaelezwa na swali moja: ni nani alipe kodi, na alipwe nani.

Tunafika kwa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Habari za maisha yake aliziandika kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, ambaye alizigeuza katika hati za Kirumi na kuzichapisha Ujerumani mwaka 1902 na 1903, miaka michache kabla ya mwenyewe kufariki Unguja mwaka 1905. W. H. Whiteley alizitoa tena huku kwetu pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni moja ya nathari za kwanza kubwa za lugha yetu, na mwanafunzi wa Kiswahili asiyeisoma anajipunja. Sentensi zake ni fupi, hazina mapambo, na hesabu ya pembe haipotei hata mahali pa msiba.

Katika masimulizi yake mambo ya Unyanyembe ni mambo ya nyumbani. Baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, na kwa ndoa ile akapata sauti kubwa katika nchi. Kwa hiyo vita vya Mnywa Sele, kwa Tippu Tip, ni ugomvi wa wakwe na shemeji. Nani aliwekwa na nani, kwa haki gani, si maswali yanayomshughulisha. Wahakiki wengine wamemsifu kwa hili, wakisema kwamba angalau yeye hana kiburi cha Mzungu, na anawaona Wanyamwezi kuwa watu wa kuoana nao na kupigana nao. Ni kweli, na kurasa zake zina uhai ambao Stanley, mwenye maneno mara kumi zaidi, hana. Lakini ukoo unaweza kuficha mambo sawasawa na dharau. Mfanyabiashara anayeoa katika nyumba ya mtemi hanunui mke tu, ananunua msamaha wa kodi. Mnywa Sele alipotoza bidhaa zote bila ya kubagua, alizivunja ndoa hizo zote kwa mara moja, na hilo Tippu Tip haliandiki, ingawa nadhani alilijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Na hapa lipo neno moja la kutafakari, ndugu msomaji. Ushuru ule wa njiani, alioulipa kila msafara kwa watawala wa Ugogo kabla ya kuvuka Mgunda Mkali, uliitwa hongo. Leo hongo ni rushwa. Sijui lugha nyingine ambayo kodi halali ya mwenye nchi imegeuka kuwa jina la jinai, na ninaona ni dhahiri neno hilo limetufikia kutoka kinywani mwa aliyetozwa, siyo aliyetoza. Tukisema Mnywa Sele alitaka hongo, tumekwisha kumhukumu kabla ya kufungua kitabu.

Kuhusu Stanley tusipoteze muda. Alifika Kwihara mwaka 1871, akaisikia hadithi ya Mnywa Sele kutoka kwa wenyeji wake wafanyabiashara, akaiandika kama alivyoisikia, kisha akaingia vitani upande wao dhidi ya Mirambo. Kwa udadisi tu: mkuu wa wapagazi katika safari yake ya mwaka 1874 hadi 1877 aliitwa Manwa Sera. Jina lililotafsiriwa London kuwa la mlevi halikuwa aibu barabarani.

Baada ya uhuru waandishi wetu na marafiki wa historia yetu walijitahidi kulisahihisha kosa hili. J. B. Kabeya aliandika kwa Kiswahili habari za Mtemi Mirambo, kitabu kilichotoka mwaka 1966, Andrew Roberts aliandika juu ya Wanyamwezi katika kitabu cha mwaka 1968 kuhusu Tanzania ya kabla ya 1900, R. G. Abrahams alieleza muundo wa temi zao. Norman Bennett akatoa kitabu chake juu ya Mirambo mwaka 1971. Ni kazi za maana, na bila ya hizo makala kama hii haiandikiki. Hata hivyo katika mafundisho yetu ya vitini na mihadhara yalizaliwa makosa mapya kutokana na hamu ya kupata mashujaa. Mirambo aliingia katika orodha kwa sababu alishinda. Isike aliingia kwa sababu alikufa akipigana na Wajerumani. Mnywa Sele, aliyeshindwa na kufia porini, alipata ama nafasi ndogo ya utangulizi wa Mirambo, ama, katika midomo ya wahadhiri wenye jazba, cheo cha mzalendo aliyepinga ubepari wa kigeni.

Cheo hicho hakimfai. Mnywa Sele hakudai kodi ili ajenge ghala la wakulima. Alikuwa mtawala mwenye watumwa, na pembe za ndovu zilizoanguka katika nchi yake zilikuwa haki ya kiti chake kabla ya kuwa chakula cha mwindaji. Alitaka sehemu kubwa zaidi ya faida iliyokuwa ikipita mlangoni kwake, na aliitaka kwa ajili ya nyumba yake. Ukimuita mwanamapinduzi unalikosea neno lenyewe. Lakini upo ukweli mwingine ambao haufutwi na huo. Nchi isiyoweza kutoza mali inayopita ndani yake haina serikali, ina mlinda mlango. Dai la Mnywa Sele lilikuwa dai la dola, hata kama mdai alikuwa kabaila. Na waliolikataa walikataa, kwa kumweka mtu wao, kuwa Unyanyembe ni dola. Mambo yote mawili yafundishwe pamoja, na mwanafunzi aachwe ataabike nayo. Nimewahi kukaa katika semina moja ambapo kijana aliuliza kama Mnywa Sele ni wetu au si wetu, na mkufunzi, ili kuokoa muda, akajibu kuwa ni wetu. Kijana aliandika jibu lile katika daftari lake, akapiga mstari chini yake. Nilikuwa nimeketi karibu naye, nami sikusema kitu.

Lipo pengo kubwa zaidi, nalo haliwezi kujazwa kwa kumpandisha mtemi mmoja na kumshusha mwingine. Barabara ile kutoka Bagamoyo, kupita Mpwapwa na Ugogo, Tura na Rubuga, hadi Kaze, na kutoka hapo kwenda Ujiji au Karagwe, ilitembea kwa mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtumwa kwa kawaida. Aliajiriwa kwa ujira wa nguo na posho, alirudi shambani mvua zilipokaribia, na alijua kutua mzigo na kugoma posho ikipunguzwa. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwa urefu kwamba watu hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao za kazi na heshima zao, muda mrefu kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Burton na Speke wanawalaumu katika karibu kila sura kwa kutoroka. Toroka zile za mwaka 1861 zisomwe upya. Wapagazi waliokataa kwenda mbele wakati vita vikiwaka walikuwa wametoa rai yao juu ya ugomvi wa Mnywa Sele na Mkasiwa, na rai hiyo ndiyo iliyoifunga njia, si majeshi. Hakuna mwandishi hata mmoja kati ya niliowataja aliyemuuliza mpagazi alimtaka nani.

Tungeweza kudhani kwamba ushindi wa Mkasiwa uliwapa wafanyabiashara raha. Haukuwapa. Mtemi aliyewekwa kwa msaada wao alikaa Itetemia na wao walikaa Tabora na Kwihara na liwali wao, Said bin Salim, yule aliyewahi kuwaongoza Burton na Speke. Hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuamua peke yake. Mwaka 1871 Mirambo aliutoza msafara mmoja mali nyingi kisha akaukatalia kupita kwenda Ujiji, vita vikazuka, na mwezi wa Agosti sehemu ya Tabora ikateketezwa, Khamis bin Abdallah akiwa miongoni mwa waliouawa. Dai lililofukuzwa ikuluni mwaka 1860 lilikuwa limerudi kutoka magharibi likiwa na jeshi.

Isike alimfuata Mkasiwa mwaka 1876. Alitoka upande ulioshinda, upande wa wenye mali, na bado hakukaa miaka mingi kabla ya yeye naye kuanza kugombana na wafanyabiashara wa pembe juu ya kile anachostahili mwenye nchi. Kiti ndicho kilichodai, awe amekikalia nani. Mwezi wa Agosti 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Wajerumani Tabora na kufanya mapatano na wafanyabiashara Waarabu wa pale; Seif bin Saad akawa liwali chini ya bendera hiyo. Mwezi wa Januari 1893 majeshi ya Kijerumani chini ya Tom von Prince yaliingia katika boma la Isike, naye akawasha baruti ili asikamatwe. Miaka mitano baadaye kodi ya bidhaa aliyoitaka Mnywa Sele haikuwepo tena midomoni mwa watu. Iliyokuja mahali pake, kwa amri ya serikali ya Kijerumani ya mwaka 1897, ilikuwa kodi ya kibanda, na wa kuilipa hakuwa mwenye msafara, alikuwa mwenye nyumba, yaani mpagazi.